Chumba Kimoja Kilichobaki

Watoto walimwita Kamanda, na kwa kuwa maisha yake yalijaa watoto kuliko watu wazima, jina hilo lilishika mpaka kwa wauza mboga na kwa mwalimu mkuu mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa michezo, mwanamke mrefu, mwenye sauti iliyofika upande wa pili wa uwanja bila kipaza sauti, na magoti ambayo siku hizi yalimnung'unikia kila akichuchumaa. Hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, ambaye siku za kazi alipika hotelini na wikendi za kambi akapika uwanjani. Huyo watoto walimwita Sufuria, naye aliitika kama kwamba ndilo jina alilopewa na mama yake.

Kambi yenyewe ilianza kwa ubishi. Kwa miaka mingi watoto wa shule ile walikwenda kambini wakati wa likizo ndefu tu, wale waliobahatika. Walirudi wamebadilika, wanajua kuwasha moto na kusema na watu bila kutazama chini, kisha shule ikifunguliwa wanazimika kama redio iliyoishiwa betri. Kamanda hakuona kwa nini mtoto asubiri mwaka mzima ili awashwe tena. Akaenda ofisini kwa mwalimu mkuu kuomba uwanja, mara moja kwa mwezi, katikati ya muhula, kuanzia Ijumaa masomo yakiisha hadi Jumapili alasiri.

"Mwalimu," mkuu alimwambia, "Jumatatu hawa watanisinzilia darasani."

"Nitawalaza mapema."

"Na kazi za nyumbani?"

"Jumamosi asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote. Kila mmoja na daftari lake mezani."

"Na mvua?"

"Mvua inanyesha hata kwa wasio na kambi, mkuu."

Mkuu alikubali shingo upande, na akaongeza kwamba akimkuta mtoto mmoja tu amelalia dawati Jumatatu, mchezo umekwisha.

Basi Kamanda akashona mahema kwa maturubai ya malori yaliyochakaa, akikanyaga cherehani ya marehemu mama yake mpaka sindano zikavunjika. Vigingi vya kukazia kamba alikunjiwa na fundi chuma. Ijumaa kengele ya mwisho ikilia, wenzao walikimbilia getini, nao wa kambi walikimbilia uwanjani, wakaning'iniza sare zao kwenye uzio na kuanza kuvutana kamba. Jumamosi asubuhi walifanya hesabu kwa vidole vyenye masizi, na Sufuria hakummiminia chai mtu ambaye hajamaliza. "Nyie mnadhani chai inaota," aliwaambia. "Hii chai ni ya wasomi." Katikati ya wiki walikutana tena alasiri moja baada ya masomo, wakafunga mafundo, wakachora ramani ya shule yao, ili moto usipoe.

Filimbi aliingia kambini kwa kusukumwa. Alikuwa msichana mwembamba wa darasa la tano, na siku ya kwanza alishika mkono wa mama yake kwa nguvu hadi vidole vya mama vikabadilika rangi. Mama yake aliuza kwenye duka la dawa, baba yake alikuwa fundi friji. Usiku wa kwanza hakulala hemani. Alikaa jikoni kwa Sufuria akimenya vitunguu ambavyo havikuhitajika. Lakini kufikia muhula uliofuata ndiye aliyewaamsha wenzake kwa mluzi wa vidole viwili uliowatoa ndege kwenye paa la maabara, na hapo ndipo alipopata jina. Kamanda, aliyejitahidi kutopendelea, alimpendelea. Damu yao ilipatana tu. Mtoto aliuliza maswali ambayo wengine hawakuyafikiria: kwa nini fundo hili linakaza likilowa, kwa nini darasa usiku linaonekana dogo.

Wiki moja ya kambi, mama yake Filimbi alipiga simu mapema. Aliuliza kama angeweza kuleta begi la mtoto Ijumaa mchana, kabla ya wengine. Kisha akauliza kama Jumapili wanaweza kuchelewa kidogo kuja kumchukua. Kamanda alifurahi. Alimwambia Sufuria kwamba wazazi sasa wameanza kuielewa kambi.

"Au wamechoka na watoto wao," alisema Sufuria.

"Wewe una roho ya ukwaju."

Ilikuwa wikendi nzuri. Mvua iliwapita mbali. Filimbi aliongoza kikundi chake kutoka nyuma ya maktaba hadi kwenye tangi la maji wakiwa wamefungwa vitambaa machoni, wakimfuata kwa mluzi peke yake, na hakuna aliyejikwaa. Jumapili alasiri wazazi walikuja kama kawaida yao, wengine na magari, wengine kwa miguu, na uwanja ukapungua sauti moja baada ya nyingine. Mahema yalikunjwa. Sufuria alisugua masufuria kwa mchanga. Filimbi alikuwa amekalia begi lake karibu na geti, na ufunguo wa nyumba yao ukining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, kwa kuwa siku za shule alizoea kufika nyumbani kabla ya wazazi wake.

Kamanda alipiga simu ya mama. Haikupatikana. Ya baba iliita mpaka ikakata.

"Labda wamelala," alisema Filimbi. "Jumapili huwa wanalala."

Walisubiri mpaka mlinzi akaanza kuzunguka akifunga madarasa. Kamanda akapiga tena, hola. Nyumba haikuwa mbali: ukitoka getini unafuata barabara ya mafundi seremala, unakata kwenye duka la vioo, umefika. Akambebea begi, mtoto akabeba fito alizozichonga mwenyewe, wakaenda wakipiga soga. Filimbi alitaka kumwonyesha mama yake namna ya kupika bila kufunua sufuria. Alilisimulia jambo hilo njia nzima.

Ilikuwa nyumba ya chini, ya kupanga, yenye mlango wa kijani na ngazi moja ya saruji. Filimbi aligonga, akangoja kwa adabu, kisha akavua ufunguo shingoni.

"Mama," aliita akisukuma mlango.

Sauti yake ikarudi. Hicho ndicho kitu cha kwanza Kamanda alichokishika, kabla macho hayajazoea mwanga wa ndani: neno "mama" lilizunguka kwenye kuta likarudi kwao wenyewe. Sebule ilikuwa tupu. Hapakuwa na kiti. Ukutani mlikuwa na vipande vyeupe vya mraba mahali palipokuwa na picha, na misumari bado imo. Fito za mapazia zilikuwa juu ya madirisha, mapazia hayakuwepo. Jikoni, mahali pa friji, palibaki mstatili wa vumbi sakafuni na kifuniko kimoja cha chupa. Hata balbu ya sebuleni ilikuwa imefunguliwa.

Kamanda alikuwa mtu wa kuamuru, mtu wa kujua afanye nini mvua ikishuka au mtoto akianguka kutoka juu ya mti, na sasa alisimama katikati ya sebule ya watu na begi la mtoto mkononi.

Filimbi aliingia chumba cha wazazi, akatoka. Akaenda bafuni, akatoka. Kisha akafungua mlango wa mwisho kwenye kikorido, na huko hakutoka, mpaka Kamanda akamfuata.

Chumba cha mtoto kilikuwa kamili. Kitanda kimetandikwa, shuka limechomekwa pembeni. Viatu vyake vya sikukuu vilikuwa chini ya dirisha, vimepigwa kiwi. Vitabu vilipangwa, sanduku la nguo lilikuwa mahali pake, mwanasesere wa zamani asiye na jicho moja alikuwa juu ya mto. Pazia lilikuwepo. Balbu ilikuwepo. Mtu alikuwa ameufunga mlango ule kwa makini na kuendelea kuhamisha nyumba iliyobaki.

Filimbi alikaa kitandani, fito bado mkononi.

"Kamanda," alisema, "wezi wamesahau chumba changu."

Kamanda alikalia sanduku. Alitaka kusema kitu, chochote, lakini kila neno alilolishika lilikuwa la uongo, na watoto wake hakuwa amewazoesha hivyo.

"Sidhani kama ni wezi, mwanangu," alisema mwishowe. "Lakini bado sijajua. Nipe dakika nijue."

Alitoka nje kwenye ngazi. Jirani wa nyumba ya pili, mama mtu mzima mwenye miwani, alikuwa ameshasimama kwenye mlango wake kama mtu anayengoja kuitwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa kambi?"

"Ndiye mimi. Hawa wenyeji wako wapi?"

Jirani alitazama mlango wa kijani, akapunguza sauti. "Mama alihama jana asubuhi. Lilikuja lori. Baba amehama leo, na kigari cha kazini kwake, amekwenda na kurudi mara mbili. Wameachana, mwalimu. Hukuambiwa?"

"Na mtoto?"

"Mimi nilimuuliza mama, akasema mtoto yuko kambini." Jirani alivua miwani, akaifuta na upindo wa khanga. "Nikadhani amehamia huko kwenu."

Kamanda alimwangalia mama yule kwa muda mrefu, akitafuta dalili ya mzaha. Haikuwepo.

Simu ya baba ilipokelewa safari hii. Nyuma yake kulisikika mtu akigonga misumari.

"Mwalimu, samahani, nilikuwa juu ya ngazi. Kuna nini?"

"Nimekaa kwenye ngazi ya nyumba yako, Baba Filimbi. Mtoto yuko ndani."

Ugongaji ulinyamaza. "Ndani wapi?"

"Ndani ya nyumba mliyoihamisha."

"Mama yake hakuja kumchukua?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. "Mwalimu, tulikubaliana. Mama yake amchukue Jumapili, yeye na vitu vyake, amweleze taratibu, ampeleke kwake. Mimi ningemwona wikendi."

Mama alipatikana baadaye kidogo. Alikuwa kwenye nyumba yake mpya, simu ilikuwa imezimika na waya wa chaji ulikuwa ndani ya boksi ambalo hakujua ni lipi. Kamanda alimweleza.

"Baba yake ndiye alisema atamweleza," alisema. "Alisema, mimi ndiye ninayetaka kuondoka, basi nimwachie jambo hilo, atamchukua yeye. Chumba chake sikukigusa kwa sababu alisema atakileta mwenyewe, kitanda na kila kitu. Mwalimu, niambie hajaingia ndani."

"Ameingia. Amefungua kwa ufunguo wake."

Kamanda angeweza kumchukua Filimbi kwake, akampa chakula na kumwachia Sufuria amchekeshe. Wazo hilo lilimjia, akalikataa. Aliwaambia wote wawili waje hapo hapo, sasa hivi, kwenye nyumba ile.

Wakiwangoja, Filimbi aliuliza kama ni kweli. Alikuwa amesikia, maana katika nyumba isiyo na vitu kila neno linafika kila chumba.

"Ni kweli," alisema Kamanda. "Wamehama. Mama yako kwake, baba yako kwake. Kila mmoja alidhani mwenzake atakuambia."

Mtoto alitikisa kichwa polepole, kama alivyofanya alipokuwa akielezwa fundo jipya. Hakulia. Aliinuka, akaenda jikoni, akaokota kile kifuniko cha chupa kwenye vumbi la friji, akakitia mfukoni.

Baba alifika wa kwanza, na rangi ya ukuta kwenye nywele. Mama alikuja nyuma yake akiwa amevaa kandambili zisizofanana. Walipoingia sebuleni wakakosa mahali pa kukaa. Hatimaye wote walikaa sakafuni, migongo ukutani, chini ya ile misumari, watu wazima watatu na mtoto.

"Mwanangu," mama alianza, "tulitaka usione. Tulifikiri ukiona vyombo vinatolewa, utaumia. Ndiyo maana tulichagua wikendi ya kambi. Kule unafurahi."

Kamanda aligeuka kumtazama. Begi Ijumaa mchana badala ya jioni. Jumapili kuchelewa kidogo. Ilimwingia sasa, kama maji ya baridi yanayopita chini ya hema: wakati yeye anapiga makofi kwa sababu watoto wamefika kwenye tangi bila kujikwaa, kule lori lilikuwa linapakia. Mahema yake yalikuwa yametumika kama pazia.

"Tungekuambia," alisema baba. "Tulikuwa tunatafuta namna."

Filimbi aliwatazama mmoja mmoja. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Mngenisubiri," alisema. "Ningesaidia kubeba."

Baba yake alifunika uso kwa viganja. Mama alinyoosha mkono kumshika, mtoto akauangalia mkono ule bila kuukataa na bila kuusogelea. Nje, watoto wa mtaa walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi, ukagonga mlango wa kijani, mmoja akaomba samahani kwa sauti.

Kazi iliyofuata Filimbi aliianza mwenyewe. Aliingia chumbani, akatandua kitanda, akakunja godoro na kulifunga kwa kamba kama walivyofunga mahema. Alimpa baba yake sanduku. Alimpa mama yake vitabu. Mwanasesere alimpa Kamanda, kisha akabadili mawazo akamchukua tena. Walikwenda kwa mama jioni ile ile, wote wanne, na kigari cha baba, na hakuna aliyesema lolote njiani isipokuwa baba, aliyeuliza mara mbili kama kona ni hii.

Kamanda alirudi shuleni kwa miguu. Sufuria alikuwa amekwisha kupakia vyombo na alimpokea na mzaha wake tayari mdomoni, lakini alipomwona dada yake akaumeza. Alimwekea kiti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Chumba chake tu?" aliuliza.

"Chumba chake tu. Viatu vimepigwa kiwi."

Sufuria alikaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu utotoni, hata msibani kwa wazazi wao, na sasa alikwaruza masizi kwenye kucha.

Wiki ile Kamanda hakupata usingizi wa maana. Uwanjani alipiga filimbi wakati watoto bado wanakimbia. Alimwambia mwalimu mkuu kwamba huenda akaifunga kambi, na mkuu, ambaye tangu mwanzo alikuwa akitafuta sababu, alishangaa kujisikia akimsihi asubiri. Hakuna aliyesinzia Jumatatu, alimwambia. Hata mmoja, tangu kambi ianze.

Kabla ya kambi iliyofuata aliwaita wazazi wote darasani. Walikaa kwenye madawati ya watoto wao, magoti juu. Kamanda hakutaja mtoto wala nyumba, ingawa mtaa ulishajua. Alieleza tu kilichotokea na alichokiona mlango ulipofunguliwa, na alipofika kwenye viatu akanywa maji.

"Nataka kuuliza jambo moja," alisema, "na ninaomba mnijibu kama watu wazima. Kuna mwingine aliyewahi kunitumia hivi?"

Wazazi walitazama madawati. Kamanda aliamini hakuna. Aliuliza ili kufunga mjadala, ili waende kwenye habari ya vyandarua. Ndipo akainuka kinyozi wa karibu na kituo cha polisi, mtu mpole, baba wa mvulana ambaye kambini ndiye aliyeanzisha nyimbo na kuigiza sauti za walimu mpaka watu wakashika mbavu.

"Mwalimu, sisi tulimzika bibi yake," alisema.

"Lini?"

"Muhula uliopita. Alifariki Alhamisi. Ijumaa tukamleta mtoto kwako, Jumamosi tukazika. Bibi alilala naye chumba kimoja tangu mtoto anatambaa. Hatukuwa na nguvu ya kumwona akilia. Tukamwambia bibi amesafiri kwa shangazi." Kinyozi alikunja kofia yake. "Mpaka leo anauliza anarudi lini. Kila nikimnyoa ananiuliza."

Kamanda aliikumbuka wikendi ile. Mvulana alikuwa amemwigiza mwalimu mkuu akihutubia, na yeye Kamanda alicheka hadi akaketi kwenye nyasi. Sasa aliketi tena, kwenye dawati la mbele, mbele ya wazazi wote. Mama mmoja nyuma alianza kulia. Mwingine, bila kuulizwa, akasema mumewe alipelekwa kufanyiwa upasuaji wikendi ya kambi na mtoto hakuambiwa mpaka alipoona kidonda. Sauti yake ilikuwa ya kujitetea mwanzoni, kisha haikuwa.

Hapo ndipo kambi ilipobadilika. Kamanda alitoa sharti, na hakulipamba. Ijumaa, kabla begi halijavuka geti, mzazi atasimama na mtoto wake mbele yake na kumwambia nyumbani kutakuwa na nini mpaka Jumapili. Kama hakuna kitu, aseme hakuna kitu. Kama kuna mgonjwa, kuna mgeni, kuna ugomvi, aseme, na mtoto achague kubaki au kurudi. Baadhi ya wazazi walisema anaingilia nyumba za watu. Wakawatoa watoto wao. Kambi ilipungua mahema karibu nusu, na Sufuria akapika wali ukabaki, jambo ambalo halijapata kutokea.

Kinyozi alimwambia mwanawe wiki ile ile, asubuhi, kwenye kiti cha kunyolea, kabla duka halijafunguliwa. Mvulana hakurudi kambini. Alipopita kando ya uzio Jumamosi, wenzake wakiimba, aliangalia upande wa barabara. Kamanda alikwenda kwao mara moja. Mvulana alimwamkia kwa heshima, akamletea maji ya kunywa, akajibu kila swali kwa neno moja.

"Nilikuwa naimba," alimwambia alipokuwa akiondoka. "Siku wanamzika, mimi nilikuwa naimba."

Kamanda alimshukuru kwa maji. Alitembea hadi kona ya barabara ndipo akasimama na kushika nguzo ya umeme.

Filimbi alikosa kambi moja, kisha nyingine. Katikati ya wiki alikuja kwenye mafundo, akafunga, akaondoka kabla ya chai. Darasani mwalimu wake alisema anasoma vizuri tu, ila kila akitoka kwenda haja hubeba begi lake zima.

Ijumaa moja mwishoni mwa muhula alitokea getini. Mama yake alikuwa upande mmoja, baba upande wa pili, na nafasi ya mtu mwingine kati yao ambayo mtoto hakuijaza. Alisimama mbele kidogo.

"Semeni," aliwaambia.

Mama alisema atakuwa kazini Jumamosi na Jumapili atafua. Baba alisema ana friji ya bucha ya kutengeneza, na jioni atalala. Filimbi alisikiliza.

"Hakuna anayehama?"

"Hakuna anayehama," alisema baba.

"Hakuna mgonjwa?"

"Bibi yako anaumwa meno," alisema mama, "lakini hayo unayajua."

Mtoto alimgeukia Kamanda kama anayeuliza kama wamefaulu mtihani. Kamanda alimwambia uamuzi ni wake. Filimbi aliingia. Hakuwapungia mkono wazazi wake. Jumamosi baada ya hesabu aliomba simu, akampigia mama, akampigia baba, akauliza wanafanya nini, na alipojibiwa alikata bila kuaga. Alifanya hivyo tena mchana. Sufuria alimwuliza kama sasa amekuwa askari wa zamu. "Ndiyo," alijibu, bila kutabasamu, na akaenda kushika kamba upande wake.

Hakupiga mluzi wikendi ile. Wenzake walimwomba, akasema vidole vimesahau.

Jumapili Kamanda alikuwa akikunja turubai la mwisho alipotazama barabarani. Ilikuwa bado mapema, wazazi wengine hawajaanza hata kutokea. Mama yake Filimbi alikuwa amesimama chini ya kibao cha shule, amejifunga khanga iliyolowa maji ya kufulia. Baba yake alikuwa hatua kadhaa kutoka kwake, mikono ina grisi. Walikuwa wakitazama geti kana kwamba linaweza kuondoka.

"Wako hapo tangu saa ngapi?" aliuliza Sufuria.

"Sijui. Nimewaona sasa hivi."

Filimbi naye alikuwa amewaona. Alisimama na begi mgongoni, akawatazama kupitia nondo za geti, muda mrefu, bila kusogea. Kisha akamwambia Kamanda kwamba turubai limekunjwa vibaya upande wa kulia, akaweka begi chini, na akapiga magoti kulikunja upya, huku wao wakisubiri.